Kiungulia Changu na Tumbo la Mathe

Jumatatu, 8 Septemba

Nimenyang'anywa solo. Mimi, Gracien Kahongya, mwimbaji wa solo wa korale ya kanisa letu la Kimemi tangu binti yangu Keren hajazaliwa. 

Ilikuwa kwenye mazoezi ya jioni. Tunajiandaa kwa sherehe ya kufungua kanisa jipya kule Mulekera, Beni, Jumapili ya tarehe 21. Nilifungua kinywa kwa ubeti wa pili. Ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Nikakohoa, nikajaribu tena. Ikatoka ya jogoo. Maestro Éliakim akashusha mikono. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, kwamba sauti yangu imechoka tangu mwezi uliopita, basi solo aichukue Mathe.

Mathe. Muuza vipuri vya pikipiki. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mtu ambaye mwaka jana alikuwa hajui avute pumzi wapi kabla ya Aleluya.

Ni kweli kila asubuhi naamka koo limekwaruzwa. Maji makali kama ndimu yanapanda mpaka kooni, kifua kinawaka. Hulda, mke wangu, anasema ni chakula. Lakini hapa Butembo mtu akiwaka tumboni anajiuliza kwanza alikula kwa nani. Jumamosi nilikula beignets, maandazi ya kukaangwa, kwa Mathe. Sasa naelewa.

Jumanne, 9 Septemba

Uchunguzi. Asubuhi Florentine, mke wa Mathe, alituletea tena sahani ya beignets, anatabasamu. Sikugusa hata moja. Nilizifunika, nikazipeleka moja kwa moja dukani kwa Mathe, nikamwambia ale mbele yangu.

Akala. Akala ya pili. Akauliza kama zimebaki. Akasema zinamsaidia sana, maana siku hizi tumbo linamuuma likiwa tupu, na akila linatulia.

Habari ya sumu imeishia hapo. Nilisikitika kidogo.

Kisha akatazama kama hakuna mteja, akashusha sauti.

"Papa Keren, nikuulize kitu ya haya kidogo. Choo yangu imekuwa mweusi. Mweusi ginsi ya oil ya moteur yenye tunamwaga."

Anasema ni tangu Jumapili. Kinanata pia, na harufu yake si ya kawaida. Akisimama haraka anaona giza. Tangu alipoanguka na pikipiki anakunywa vidonge vya goti, asubuhi na jioni, mara nyingine bila kula kitu.

Nilifikiri upesi. Mathe akienda hospitali, kanisa zima litamwombea. Mtu anayeombewa hanyang'anywi solo. Nikamwambia ni acide tu, kiungulia, Butembo nzima ina acide, hata mimi ninayo. Anywe maziwa. Na rangi je? Rangi ni sombe, nikasema, majani ya muhogo yakizidi hufanya hivyo.

"Wasingya, ndugu yangu," akanishukuru kwa Kinande, akanishika kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa baridi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nina mpango. Ni mzuri mpaka nilishindwa kumaliza chai.

Kama mtu anayeombewa hanyang'anywi solo, basi aombewe Gracien. Maestro Éliakim machozi yake yako karibu. Kinachotakiwa ni karatasi ya daktari yenye neno zito. Nikaenda kituo cha afya.

Docteur Séphora ana umbo dogo na anauliza maswali bila kuinua kichwa. Nilianza na ya kwangu. Moto unaopanda kutoka tumboni mpaka kooni. Ladha ya ndimu kinywani. Sauti ya asubuhi.

Akauliza nakula nini mangaribi, na nikimaliza nafanya nini. Nikasema ukweli, kwa sababu sikuona hatari yake. Nyama ya mbuzi, ndizi za kukaanga, pilipili, kahawa, kisha nalala chali. Mchana pia, dukani. Mimi nauza matela, yaani magodoro, na nataka mteja aone kwamba mwenye duka anaziamini.

"Papa, ile ni acide iko inapanda," akasema. "Tumbo iko na mufuniko kule juu. Ukishiba sana na ukalala, ule mufuniko unaachia, acide inapanda mpaka kwa koo. Njo inaharibu sauti. Kula kidogo, kula mapema, hapana lala kisha kula. Inua kitanda upande wa kichwa. Punguza kahawa na pilipili. Na ile kitambi, punguza pia."

Nilishtuka. Sauti yangu, sherehe ya Beni, heshima ya miaka yote, na jibu lake ni kuinua kitanda. Hakuna mtu aliyewahi kuombewa kanisani kwa sababu ya nyama ya mbuzi.

Basi nikaongeza. Nikasema maumivu mengine huja nikiwa na njaa, na nikila yanatulia. Kalamu yake ikapunguza mwendo. Nikasema nakunywa vidonge vya goti. Nikasema choo changu ni cheusi kama oil ya moteur. Kalamu ikasimama.

Akainua kichwa. Akanilaza, akavuta kope zangu chini, akanipima presha, akanidunga kidole. Akauliza kama nakunywa dawa ya kuongeza damu, maana yenye chuma nayo hufanya choo kiwe cheusi. Akauliza kama nikisimama naona giza. Nikasema ndiyo, giza totoro. Nilikuwa nafurahi kabisa. Akasema anashangaa, macho yangu yana damu ya kutosha. Kisha akanipa kikopo cha plastiki, akanionyesha mlango wa choo.

Sikujua kwamba kuna kikopo.

Nilikaa humo muda mrefu. Nilipotoka kikopo kilikuwa kitupu, naye alikuwa anaandika karatasi ya kunipeleka hospitali kubwa palepale, wanishushie kamera kooni. Nikauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, kama choo cheusi hakiwezi kuwa acide ya kawaida.

"Hapana, papa. Acide inachoma, lakini choo inabaki ginsi iko. Choo mweusi, yenye kunata, ile ni damu. Kuko kidonda ndani ya tumbo, kiko kinavuja. Bile bidonge bya goti njo binachimba. Mutu anaweza kwenda ku kazi asubuhi, na mangaribi tuko tunamulilia."

"Na akikunywa maziwa?"

"Atakufa na maziwa ndani."

Nikasema ilikuwa mzaha. Nikatoka kabla hajasimama.

Duka la Mathe limefungwa. Florentine aliniambia amekwenda Beni tangu jana, yuko kwa dada yake Julie pale Mulekera, anatafuta mahali ambapo korale italala. Simu yake haipatikani.

Kama Mathe hawezi kuimba, solo ni yangu. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama. Siipendi. Sikuifuta pia.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikuweza kula asubuhi. Hulda alidhani nimefiwa.

Mchana nikapata wazo. Safari ya Beni ni ndefu, barabara yake si ya kuchezea, lakini ujumbe haupandi moto, yaani pikipiki. Niliandika kwa uangalifu: "Ndugu, salamu. Choo chako leo kina rangi gani? Nijibu haraka, ni jambo la uhai." Nikatuma.

Nikatuma kwenye kundi la korale.

Nilishtuka mpaka simu ikaanguka. Nilipoiokota majibu yalikuwa yameanza. Soprano mmoja aliuliza kama ni mstari wa Biblia. Maestro Éliakim aliandika: "Ndugu Gracien, kwangu ni kawaida, Bwana asifiwe. Na kwako?" Waimbaji wa bass walijibu mmoja mmoja, kwa rangi. Mchungaji, ambaye sikujua kwamba yumo kundini, aliweka mikono miwili inayoomba.

Mathe hakujibu.

Hulda alinikuta nimejishika kichwa. Nikamwambia yote, kuanzia maziwa. Nilitegemea afoke, na nilikuwa nimetayarisha majibu. Hakufoka. Aliketi kwanza. Kisha akasema, "Na kama ile mutu anakufa, weye utaimba solo gani humu mwa nyumba yangu?"



Akaenda mwenyewe kwa Florentine. Walipiga simu ya Mathe, wakapiga ya Julie, wakapiga mpaka betri ya Florentine ikaisha. Kule réseau, mtandao wa simu, ilikuwa imekatika. Ilikuwa jioni tayari, na jioni hakuna dereva anayechukua barabara ya Beni. Hulda alichukua koti langu la korale msumarini, akalitundika kwenye kitasa cha mlango, mahali ambapo siwezi kutoka bila kuligusa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilipanda moto ya kukodi kabla jua halijapanda vizuri. Vumbi, mashimo, vizuizi. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi aliuliza safari ni ya nini. Nikasema mgonjwa. Akanitazama tumbo, akaniambia pole.

Pale Mulekera, Mathe alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani kwa Julie. Uso wake ulikuwa wa majivu. Jasho lilikuwa linamtoka, na pale hapakuwa na jua. Mkononi alishika kikombe.

"Papa Keren," akasema. "Ile maziwa inasaidia kidogo."

Nilitaka ardhi inifunike. Nikamwambia aweke kikombe chini, twende hospitali sasa hivi, si acide, ni damu.  Akatabasamu kwa shida.

"Solo bado unaitaka."

"Mathe, nisikie."

"Siku ile ku duka ulisema acide. Leo unasema damu. Banganga ba hospitali batanilaza, siku ya sherehe nitakuwa mu kitanda, weye utaimba. Nakujua, Gracien. Tuko bajirani."

Hilo lilinishtua kuliko yote. Kwamba ananijua. Miaka hii yote nilidhani najificha vizuri.

Basi ikabidi niseme, na Julie amesimama mlangoni anasikia. Nikasema nilimwambia maziwa ili asiende hospitali, ili asionewe huruma. Nikasema kisha nikaenda mimi kwa daktari na ugonjwa wake, nikausema kama wangu, ili huruma nipate mimi. Nikasema habari ya kikopo. Nikasema daktari alitaka kunipeleka hospitali kubwa palepale kwa sababu ya choo chake yeye Mathe, na mimi sina kitu ila nyama ya mbuzi.

Julie alishika kinywa. Mabega ya Mathe yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alishika tumbo, akasimama, ama anipige ama anikumbatie, sijui mpaka sasa, kwa sababu alianguka. Akatapika kitu cheusi chenye chembechembe, kama kahawa iliyobaki chini ya sufuria. Sehemu kubwa ilikuja kwenye koti langu.

Tulimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemzungushia mikono. Alikuwa mwepesi. Sikumbuki njia. Nakumbuka kichwa chake kikianguka begani kwangu kila kona, na nikimwambia azungumze asilale, azungumze chochote.

"Ubeti ya pili," alisema. "Unaivutaka sana. Iache itoke yenyewe."

Hospitalini Beni waliuliza nani ndugu wa mgonjwa. Nikasema mimi. Walimwekea maji, wakatafuta damu. Yangu ilifaa. Nililala kwenye kitanda chembamba nikaangalia mfuko unajaa, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote.

Mchana daktari alitoka. Akasema shinikizo la damu limepanda kidogo, dawa zinafanya kazi, kamera watashusha kesho. Akasema Mathe angekaa nyumbani mpaka jioni angekuwa amekufa. Watu wengi huita kila kitu acide na hufika wamechelewa. Akauliza ni nani aliyetambua dalili.

Julie alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Nilisikia sauti yangu, wazi kabisa, bila mikwaruzo, ikisema ni mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Mathe anaishi. Kamera ilionyesha kidonda tumboni, kimeacha kuvuja. Vidonge vya goti amekatazwa kabisa. Wamekuta pia kijidudu kinachopenda kukaa kwenye matumbo, atakunywa dawa yake mpaka iishe. Sasa anakula uji na kulalamika kwamba hauna chumvi, na muuguzi anasema hiyo ni dalili njema.

Florentine alifika Jumapili pamoja na Hulda. Alinishika mikono akalia, akasema bila mimi angekuwa mjane. Kule Kimemi mchungaji alitaja jina langu ibadani. Hata ule ujumbe wa choo umegeuka kuwa ushuhuda, wanasema niliongozwa. Nilianza kueleza jinsi nilivyohisi jambo moyoni. Hulda akanikanyaga mguu.

Mathe hajamwambia mtu. Julie naye amenyamaza, nadhani Mathe amemwomba. Mathe angesema, ningejua la kufanya, ningekana. Lakini ananyamaza tu, na kila nikiingia anasogeza miguu nipate pa kuketi. Inanisumbua sana.

Leo Maestro Éliakim alikuja kumwona, akauliza habari ya solo. Mathe alininyooshea kidole.

"Mumupe Papa Keren. Alikuya kunitafuta."

Nilitoka nje uani. Nililia, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Kisha nikasikia njaa. Getini kuna mama anayechoma mishikaki ya mbuzi. Nilimwambia asiweke pilipili. Aweke kidogo tu, ya harufu.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisa la Mulekera lilijaa mpaka nje. Watu walikuwa dirishani, watoto juu ya mabega.

Wenyeji walitupokea asubuhi kwa chakula ambacho kukikataa ni dharau. Kuku, wali, maharage yenye mafuta, mbuzi, kahawa mara mbili. Kulikuwa na muda kabla ya ibada, na nyuma ya kanisa kulikuwa na benchi refu. Nilijinyoosha ili kutuliza sauti.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili sikuuvuta, niliuacha utoke wenyewe, kama Mathe alivyosema. Ukatoka. Nyuma yake ikatoka na ile ndimu. Ilipanda moja kwa moja kutoka kwenye maharage, ikafika kooni nikiwa juu kabisa, kwenye jina la Bwana. Sauti ikakatika katikati. Nikafungua kinywa, hakuna kitu. Macho yakajaa machozi, maana inachoma.

 Nilitamani kufa. Kisha mama mmoja wa mbele akaanza kulia. Akafuata wa pili. Mchungaji akasimama, akaeleza wageni kwamba ndugu huyu amezidiwa anapomkumbuka rafiki yake aliyekuwa kwenye mlango wa kifo. Wakalia wote. Maestro Éliakim alilia mpaka korale ikapoteza mpigo.

Mathe alikuwa kwenye benchi la kwanza, amefunikwa blanketi, wamemruhusu kwa saa ya ibada tu. Yeye peke yake alikuwa anacheka. Florentine alimshika mkono akimsihi aache, kwa ajili ya kidonda.

Jumanne, 23 Septemba

Tumerudi Butembo. Tangu jana watu wanapita dukani kuniuliza habari za matumbo. Sikuwaita. Lakini mtu aliyetambua damu kwa kusikia tu hawezi kuwafukuza.

Leo alikuja Mwalimu Kambere, anayefundisha upande wa Rughenda. Anasema akipanda mlima kwenda shuleni kifua kinakuwa kizito, kama mtu amemkalia. Uzito unakwenda mpaka taya na mkono, jasho linamtoka. Akisimama kupumzika, unaondoka.

Nilimwuliza swali la kitaalamu, rangi ya choo. Akasema ya kawaida. Basi nikampa mkono wa pongezi. Nikamwambia hatari haipo, ni acide inayochochewa na mlima, apande polepole.

Hulda alikuwa nyuma ya matela anasikia. Hakunitazama hata. Akamshika Kambere mkono, akamketisha kwenye pikipiki polepole kama yai, akampeleka kwa Docteur Séphora. Ni moyo. Sasa yuko hospitali, wanasema amewahi. Docteur Séphora amenitumia salamu kupitia Hulda. Hulda amekataa kuzirudia.

Nimeshtuka. Choo kilikuwa cha kawaida. Nani angejua?

Jioni nimeshtuka zaidi. Nimepita hospitalini kutazama tu kwa mlango. Chumba cha Kambere kimejaa. Mchungaji yuko. Mama za kanisa wako na vyombo vya chakula. Maestro Éliakim amekaa kitandani ameshika mkono wake, analia.

Mwezi ujao korale inachagua rais. Tunagombea mimi na Mathe, na yeye kura za kidonda chake amezipata tayari. Mimi nimeishiwa, sina hata mafua.

Kesho nitakwenda kumtembelea Kambere. Nitampelekea ndizi. Nitamwuliza taratibu uzito unaanzia wapi hasa, na unapita mkono gani.